Kiti cha Mwalimu Rada

Mama yangu ana binti wakili na mpaka leo hajapata la kujivunia. Wenzake wakimuuliza ninamtetea nani, wezi au wauaji, husita kidogo, kisha hujibu, "Anashughulika na mambo ya walimu," kwa sauti ambayo angetangazia ugonjwa usioua wala kupona. Nimemweleza mara nyingi. Kazi yangu ni sheria za elimu, na hasa kuchunguza malalamiko ya ubaguzi kazini. Shule ikilalamikiwa na mtumishi wake, bodi huniita mimi mtu baki, nikahoji pande zote, nikaandika ripoti, nikaondoka kabla hawajaanza kutupiana vikombe. Mama husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza, "Kwa hiyo hata hakimu humwoni?"

Simwoni mara nyingi, ni kweli. Ninaowaona ni walimu wakuu. Nimemchunguza mmoja aliyemnyima cheo mwalimu mjamzito, eti ngazi za ofisi mpya ni ndefu, na mwingine aliyemwambia mhasibu wake aache kazi kwa sababu mvi zinawakatisha wazazi tamaa. Nimemsikia bwana mzima akiapa kwamba yeye hawabagui wanawake, maana hata mke wake ni mwanamke. Uchunguzi unataka subira, na mimi subira nilipewa kijiko kimoja tu, nikakimaliza mwaka wa kwanza. Tangu hapo naishi kwa kujiuma ulimi.

Basi fikiria hasira yangu siku nilipofungua jalada jipya nikakuta lalamiko lenyewe ni kwamba mwalimu fulani amenyang'anywa kiti. Si cheo. Kiti cha kukalia, cha mbao, chenye miguu minne. Sheria ya ubaguzi ina milango yake inayojulikana: umri, jinsia, dini, kabila, ujauzito, ulemavu. Fanicha haimo. Mwenzangu wa meza ya pili, wakili wa kesi za ardhi, alichungulia begani kwangu akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Kufikia saa ya chakula ofisi nzima ilikuwa ikiniita Wakili wa Fanicha. Jioni nikafanya kosa la kumwambia Mama kwamba nimepewa kesi ya kiti.

"Kiti?" akasema. "Hiyo angalau ushinde."

Lakini nyuma ya kiti alikuwepo mtu, na mtu huyo alikuwa anafukuzwa kazi. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari moja, mama wa makamo aliyeingia shuleni hapo akiwa binti na hajawahi kufundisha kwingine. Mwalimu mkuu alikuwa ameiomba bodi imwachishe kazi kwa ukaidi, na bodi ingekaa Ijumaa kuamua. Yeye akajibu kwa kulalamika kwamba anabaguliwa, na hoja yake yote, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa kiti. Nikaona huyu mama anajichimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe, na nikaenda shuleni nimewakasirikia wote, yeye na waliomkasirisha.

Nilianza na mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote wa juu, hivi kwamba maneno yake yalitoka kama yamepitia kwenye ufagio. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa maana mtu mbaya unajua pa kumshika. Alikuwa amehudhuria semina ya haki kazini, cheti chake kikaning'inia ukutani kwenye fremu ya dhahabu, naye akarudi amewaka moto. Walimu walimwita Bwana Usawa, wakidhani hajui. Alijua, na alifurahi.

"Nilipokuja hapa, Wakili, chumba cha walimu kilikuwa kama ikulu," aliniambia. "Kila mtu na kiti chake! Mgeni akikaa, anaambiwa inuka, hapo pana mwenyewe. Nikasema, huu si ndio ubaguzi wenyewe?"

"Ukafanya nini?"

"Nikaleta kura."

Alifungua droo akanionyesha kofia pana ya jua, ya mwalimu wa michezo. Kila Jumatatu, walimu walichota namba humo, na kila mtu akakaa wiki nzima kwenye kiti chenye namba yake. Mwalimu wa michezo, ambaye ni pandikizi la mtu, aliwahi kupata kistuli cha maktaba akakaa magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wa kemia alipata kiti cha nyuma ya mlango, kila anayeingia akamgonga. Wote walinung'unika wakazoea.

"Isipokuwa yule wa historia," alisema, na masharubu yakainuka. "Yule simwelewi kabisa. Kikaoni namuuliza, Mwalimu, utakuwa mlezi wa kwaya? Anaitikia kwa kichwa, tena kwa tabasamu. Kwaya inamngoja, haonekani. Namuuliza, utasimamia usafi wa vyoo? Anaitikia. Vyoo ukaingie mwenyewe uone. Nilimwomba atoe hotuba ya kumuaga naibu wangu, akaitikia mbele ya wenzake wote. Siku ya siku nikamkaribisha jukwaani. Unajua alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Alipiga makofi!"

Nilijiuma ulimi nisicheke. Nikamuuliza kama aliwahi kumwita na kumuuliza sababu.

"Nilimwita. Tulikaa hapahapa, uso kwa uso kama mimi na wewe. Nikamwambia, Mwalimu, mbona unakubali kazi usizozifanya? Akaniambia nimrudishie kiti chake. Sasa, Wakili, nimrudishie yeye peke yake, halafu wengine niwaambie nini? Usawa utakuwa wapi?"

Nikawahoji walimu wenzake mmoja mmoja. Nilitarajia mafuta ya taa kwenye moto, maana chumba cha walimu kikipata mgeni mwenye kalamu, kila mtu humwaga aliyokuwa nayo. Hawa walikuwa wakavu kama chaki. Mwalimu wa michezo alisema, "Kiti kile ni chake, mrudishieni." Nikamuuliza kwa nini ni chake. Akatazama dari. Mwalimu wa kemia naye akasema kiti ni chake, arudishiwe, nami nikauliza kwa nini, naye akatazama dari ile ile, mpaka nikainua macho kuangalia kama jibu limeandikwa huko. Mwalimu wa jiografia nilikuwa nimeonywa kwamba ni kasuku, nimtengee asubuhi nzima. Aliingia, akasema, "Arudishiwe kiti chake, Wakili, tafadhali sana," akainuka akidai ana kipindi. Niliangalia ratiba ukutani. Hakuwa na kipindi.

Nikajua hapa kuna njama, ila sikujua ya nini. Watu huwa wanakula njama za kumwangusha mtu. Njama ya kumrudishia mtu kiti nilikuwa sijakutana nayo.

Mwisho akaja mlalamikaji mwenyewe. Wanafunzi walimwita Rada, kwa sababu hakuna mnong'ono uliompita darasani. Mtoto akiteta na jirani yake dawati la nyuma kabisa, Rada anamtaja jina bila hata kugeuka. Nilimkuta mlangoni, mama mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, miwani kifuani kwa mnyororo. Tuliongozana ukumbini, yeye kushoto kwangu, tukisalimiana vizuri kabisa. Aliniambia pole na kazi, akaniuliza kama nimepata chai, akacheka niliposema wachunguzi hatuli vya watu. Nikafikiri, mama mwenye akili zake timamu kama huyu anagombea kiti?

Chumba cha mahojiano nilichopewa kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Nina taratibu zangu, na nilikuwa nazionea fahari. Simketishi shahidi mbele yangu meza ikiwa katikati, kwa sababu hiyo inanuka polisi. Namketisha ubavuni pangu, kama abiria mwenzangu. Nasema kwa sauti ya chini, na siku ile ilibidi niseme chini zaidi, kwani ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na upande wa pili katibu muhtasi wa shule alikuwa ameacha kupiga chapa. Na simkodolei shahidi macho, naandika huku nauliza. Meza ilikuwa imebanwa kwenye kona, basi Rada akakaa kuliani kwangu, kushoto kwake kumenielekea, na kulia kwake gunia la mipira.

"Mwalimu," nikaanza, "unakubali kwamba kazi hizi ulipewa kikaoni?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikakiambia kinasa sauti, "Mlalamikaji ameitikia kwa kichwa."

"Na kwamba hukuzifanya?"

Akaitikia.

"Na hakuna aliyekuzuia kuzifanya?"

Akaitikia tena, kwa tabasamu la mtu anayekaribishwa harusini. Kalamu ikawa nzito. Nimeona watu wakijimaliza wenyewe mbele yangu, wengine kwa kiburi, wengine kwa kusema sana, lakini sijaona aliyejimaliza kwa adabu kiasi kile. Nikauliza swali langu la mwisho, ambalo huwauliza wote: kama kuna jambo lolote angependa kuongeza. Akaitikia. Nikangoja. Naye akangoja. Nikasema, "Ongeza basi." Akaitikia.

Sijui nini kilinituma. Labda ni kile kijiko cha subira ambacho hakipo. Bila kuinua macho nikasema kwa sauti ile ile, "Mwalimu, nywele zangu zinawaka moto."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa huruma.

Niliweka kalamu chini. Nikainuka, nikazunguka nyuma yake, nikachuchumaa penye gunia la mipira. "Mwalimu," nikamwambia sikio la kulia, "umesikia nilichokuambia sasa hivi?"

Tabasamu likamtoka usoni. Alinitazama, akakitazama kinasa sauti, akasema, "Zima kwanza hicho kidude."

Nikakizima. Akaniambia kwamba sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa ya utotoni, la kulia likabaki zima, na la kulia lilikuwa linafanya kazi ya mawili bila malalamiko. Pale dirishani, kwenye kiti chake cha zamani, kushoto kulikuwa dirisha na kulia walikuwa watu, kwa hiyo alisikia kila kitu, hata yasiyomhusu. Darasani hutembea ukuta ukiwa kushoto na wanafunzi kulia, na akifika mwisho wa darasa hurudi kinyumenyume. Wanafunzi waliamini ni mbinu ya kuwavizia. Kura ilipokuja ikawa wiki moja anasikia, wiki tatu anaokota vipande, na masharubu ya mwalimu mkuu hayakumwachia hata mdomo wa kusoma.

"Sasa mbona unaitikia?" nikamuuliza. "Si useme hukusikia!"

"Ukisema hukusikia mara moja, umepitiwa. Mara mbili, huna adabu. Mara tatu, wanaanza kukutazama masikio."

"Lakini hii ndiyo kesi yako, Mwalimu! Ulemavu umo kwenye sheria, tena mlango wa mbele kabisa. Nipe ruhusa niandike sentensi moja, Ijumaa unatoka mzima."

"Andika kiti."

"Kiti hakitakuokoa."

"Basi tuzame pamoja mimi na kiti." Alivaa miwani yake akanitazama vizuri. "Nilipoanza kazi, Wakili, kulikuwa na mwalimu mwenzetu hapa mwenye masikio mazito. Wazazi wakaja, wakasema hawalipi ada watoto wafundishwe na kiziwi. Hakumaliza muhula. Alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Nikaapa sitasema, na sijasema. Anajua mume wangu, wanajua wanangu, na sasa unajua wewe, kwa bahati mbaya."

Akanitaka nimwahidi kwamba sitalitoa bila ruhusa yake. Nikaahidi. Nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, mchunguzi hodari, niliyemketisha upande mbaya nikamnong'oneza mashtaka yake. Na sheria ilikuwa imenifunga mikono vilevile. Mwajiri huwezi kumlaumu kwa asilolijua, na kama Rada hasemi, Bwana Usawa hana kosa lolote zaidi ya kofia.

Usiku ule sikusema jina wala shule, ila nilimwambia Mama kwamba nina mtu anazama na anakataa kamba. Alikuwa anatazama tamthilia yake, hakugeuka. "Mficha uchi hazai," akasema, kisha akanyamazishwa na mwanamume mmoja aliyekuwa anamsaliti mkewe kwenye televisheni.

Asubuhi nikamfuata Rada darasani kabla ya kengele, nikasimama kulia kwake, nikamrushia methali hiyo nikijiona nimepata.

"Nimezaa wanne," alinijibu, akaendelea kufuta ubao.

Ripoti niliyoipeleka kwa bodi ilikuwa nyembamba mpaka nikaona aibu kuitia sahihi. Nilitamka kwamba sikuona ukaidi, na nikaomba mlalamikaji asikilizwe mwenyewe kabla ya uamuzi. Mwenzangu wa kesi za ardhi aliisoma akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa tukakutana maktaba ya shule, meza zimeunganishwa ziwe moja ndefu, feni ikivuma juu ya vichwa vyetu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee mnene mpole, mwenye sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Walikuwepo wajumbe wawili wa bodi ambao sikuwasikia wakisema lolote, na walikuwepo walimu watatu niliowahoji, wa michezo, wa kemia na wa jiografia, walioitwa kama mashahidi. Na kabla hatujakaa, Bwana Usawa akatoa ile kofia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika shule hii hakuna mkubwa wala mdogo," akasema. "Tunaomba hata leo tukae kwa kura."

Mwenyekiti akacheka, akatia mkono, akachota. Aliona ni mchezo mzuri. Sote tukachota. Mimi nikapata katikati. Rada akapata kiti cha mwisho kabisa upande wa madirisha, rafu ya kamusi kulia kwake, na sisi sote, Mwenyekiti, mashtaka na hatima yake, kushoto. Alipokiona kile kiti alisimama kidogo. Kisha akakaa, akapanga mikono, akaanza kutabasamu.

Bwana Usawa akasoma mashtaka yake kupitia kwenye masharubu. Kwaya, vyoo, hotuba, makofi. Rada akaitikia hapa na pale. Walimu watatu wakatazama dari. Mwenyekiti akaguswa na unyenyekevu wa mama huyu, nikamwona usoni, na huruma yake ndiyo iliyotaka kumwua.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake ya pole, "hakuna haja ya kuaibishana. Umetumikia shule hii miaka mingi. Je, uko radhi ustaafu mwenyewe kwa hiari, mambo yaishe kwa amani?"

Feni ikavuma. Rada akaona midomo imesimama na macho yote yamemgeukia, akajua kwamba ameulizwa jambo. Kidevu chake kikaanza kushuka.

Nikapiga meza kwa kiganja. Kamusi moja ikaanguka.

"Wakili?" Mwenyekiti akashtuka.

"Naomba kubadilishana kiti na mlalamikaji."

"Haiwezekani!" akasema Bwana Usawa. "Kura ni kura!"

"Kwa sababu gani, Wakili?" Mwenyekiti akauliza.

Nikafungua mdomo. Sababu ilikuwa ulimini, tamu, ya kisheria, yenye kifungu na kifungu kidogo, na nilikuwa nimeahidi. Nikaumeza ulimi na sababu yake. Mchunguzi hana upande, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha vijana wa ofisini. Nikainuka, nikazunguka meza yote mbele ya bodi nzima, nikajibana kati ya Rada na rafu, nikamwinamia sikio la kulia.

"Amekuuliza kama unaacha kazi," nikamwambia. "Ulikuwa unakubali."

Nilimwona akipoteza rangi. Nikadhani hata hilo halijamtosha, kwamba atazama na kiti chake kweli. Kisha akasimama. Akageuka mzima mzima, mpaka sikio lake la kulia likaielekea meza, akawa anatutazama kwa pembeni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "swali lako sikulisikia. Wala la kabla yake. Wala hizo kwaya sikuzisikia, wala vyoo. Sikio langu la kushoto halisikii tangu nikiwa mtoto. Sikutaka mjue, kwa sababu nataka kufundisha. Sasa mmejua. Amueni."

Bwana Usawa aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Halafu mwalimu wa michezo, kwa ile sauti yake ya uwanjani, akasema, "Sisi tunajua, Mwalimu."

Rada akageuka. "Mnajua nini?"

"Sikio. Tunajua siku nyingi. Wiki yako ya kwanza hapa ulikaa kiti cha kulia kwangu, ukaikalia kofia yangu. Nikakuambia, dada, umekalia kofia. Ukaitikia kwa kichwa. Nikakuambia tena, ukaitikia tena, kwa heshima kabisa, ukaikalia mpaka kengele ya mwisho."

"Tukakaa tukajadiliana," akasema mwalimu wa kemia. "Tukaona ukae dirishani, ili watu wote wawe kulia kwako. Yule mzee wa hesabu aliyekuwa na kiti kile akakuachia."

"Mzee wa hesabu alisema jua linamuumiza macho!"

"Mwalimu, jua litoke wapi? Dirisha lile linatazamana na ukuta wa choo."

Mwalimu mkuu akawageukia, na kusema kweli alikuwa karibu kulia. "Mbona hamkuniambia?"

"Ilikuwa siri yake," akajibu mwalimu wa michezo. "Sisi tungekuambiaje?"

"Hata mimi mngeniacha nimfukuze?"

"Tulikuambia umrudishie kiti! Tulikuambia wote!"

Niliwatazama hawa watu watatu walionitazamisha dari, nikatamani kuwapiga makofi na kuwakumbatia. Walikuwa tayari kuonekana wajinga mbele ya wakili na bodi, wanagombea kiti kama watoto wa chekechea, kuliko kulitaja sikio la mwenzao. Na yeye miaka yote alidhani anajificha. Hakuwa ameficha kitu. Walikuwa wamemfunika.

Rada aliposema, sauti yake haikuwa ya shukrani. "Kwa hiyo," akasema, akimtazama mmoja mmoja, "miaka yote hii mmekuwa mkinisengenya upande wa kushoto?"

"Kidogo," akakiri mwalimu wa kemia.

Mwenyekiti akacheka kwanza, kisha sote, na Bwana Usawa naye, machozi yakilowanisha masharubu. Ombi la kumwachisha kazi akaliondoa mwenyewe, papo hapo, akasema kiti kirudi kwa mwenyewe leo hii, na kofia akamrudishia mwalimu wa michezo, aliyeikunja akaitia mfukoni bila kumpa nafasi ya kubadili mawazo. Mwenyekiti akaniuliza kama bodi inahitaji maneno ya kisheria. Nikamwambia ninayo kurasa nzima, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nitayaandika yote.

Ni mwalimu wa jiografia peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya tai yake.

"Mimi nina la kuungama," akasema. "Pale dirishani, mapumzikoni, nilikuwa nikisimama kati ya kiti chako na dirisha. Kushoto kwako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilidhani unapunga upepo."

"Nilikuwa nakueleza mambo."

"Mambo gani?"

"Ya mke wangu. Tangu alipofariki." Akaitazama tai. "Nilijua hunisikii. Ungekuwa unasikia nisingeweza. Halafu kura ikaja, nikakosa pa kusemea."

Mwenyekiti akajikohoza, akasema ajenda inayofuata ni ukarabati wa paa. Nikamwambia, kwa heshima zote, anyamaze.

Rada alikaa. Akanisogeza kando kwa mkono, akaisukuma rafu ya kamusi kwa bega mpaka ikasogea, akaokota kile kitabu kilichoanguka, akaweka kiti kwenye uwazi ule, kulia kwake, akakipigapiga kwa kiganja.

"Njoo huku," akamwambia. "Anza mwanzo."

Mwalimu wa jiografia akazunguka meza, akakaa. Alitutazama sote, akamtazama yeye, naye Rada akamtegea sikio na kungoja.

"Alikuwa anaimba akifua nguo," akasema. "Vibaya sana."